Spika mbili kando ya monita, meza ya sentimita 80: nizitundike wapi?

Muzigo_Kireka

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa vipimo hasa, maana nyumba yangu ni muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, na meza haiwezi kuongezwa.

Meza ina upana wa sm 80 na kina cha sm 50. Ubao wake ni chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) ya mm 18, nao umesukumwa hadi ukutani. Monita ni ya inchi 24: upana sm 54 kutoka ukingo hadi ukingo, kilo 3.4 bila kitako, na nyuma ina matundu manne ya VESA (mpangilio wa kawaida wa matundu ya kufungia monita) ya mm 100 kwa 100. Spika ni za kuchomeka umeme, kila kasha upana sm 14, kimo sm 22, kina sm 20. Ya kulia ndiyo yenye amplifaya ndani, ina kilo 2.1. Ya kushoto ina kilo 1.7. Tundu la besi liko nyuma kwa zote mbili.

Nikiweka monita katikati zinabaki sm 13 kila upande, na spika inataka 14. Kwa hiyo sasa zimesimama nusu nyuma ya monita, sauti inagonga mgongo wa kioo, na daftari halina pa kukaa.

Nimefikiria njia tatu. Kwanza, kuzibandika ubavuni mwa monita kwa utepe wa gundi ya pande mbili, ule mnene wa povu. Pili, kupitisha chuma nyuma ya monita kwenye VESA na kuzitundika ncha zote mbili. Mkono wa monita wa springi ya gesi ninao tayari, umeandikwa kilo 2 hadi 9, bado sijaufunga. Tatu, ukutani, ila mwenye nyumba hataki matundu. Ipi itadumu?

ChumaKatwe

Ndugu, utepe uache kabisa. Ubavu wa monita za siku hizi ni plastiki nyembamba ya milimita chache, na spika ya kilo 2 yenye kina cha sm 20 haivuti utepe moja kwa moja kwenda chini, inauchambua kuanzia ukingo wa juu. Gundi ya povu ina nguvu ikibanwa au ikivutwa sawasawa. Ikichambuliwa ni dhaifu. Ongeza joto la monita na mtetemo wa besi. Siku itakapoachia, itaondoka na fremu ya kioo. Utepe ni wa zile spika ndogo za USB za gramu mia mbili hivi, na hata hizo zibandike kwenye kitu kigumu, si kwenye monita.

Ukutani umeshajijibu mwenyewe.

Mimi ningekushauri njia ambayo hukuitaja: kila spika isimame juu ya nguzo yake, nguzo ibane ubao wa meza, na monita isiguswe. Spika mbili zikikaa mezani zinakula sm za mraba 560 kati ya 4,000 ulizonazo, yaani kama asilimia 14. Nguzo ya mm 25 haili kitu, na chini ya spika daftari linaingia.

Tuanze na mahali pa kusimama. Nusu ya monita ni sm 27, acha mwanya wa sm 3, ongeza nusu ya spika sm 7: katikati ya spika inaangukia sm 37 kutoka katikati ya meza. Ukingo wa meza uko sm 40. Kwa hiyo nguzo inasimama sm 3 ndani ya ukingo wa ubavu, na spika yenyewe inachungulia nje ya meza kwa sm 4. Hakikisha upande wowote hakuna kabati linalogusa. Faida ni kwamba unabana ubavuni na si nyuma, hivyo ukuta hauna neno, na meza huhitaji kuivuta.

Kwa kimo, nimechukulia sikio lako likiwa umekaa liko sm 40 juu ya ubao, na twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) iko sm 17 kutoka chini ya kasha. Chini ya kasha basi ikae sm 23 juu ya ubao. Bomba la mraba la mm 25 kwa 25, unene mm 1.5, likatwe sm 21. Miguuni bamba la mm 4, kichwani bamba la mm 3, juu yake plaiwudi ya mm 12, juu ya plaiwudi mpira wa mm 3. Jumla sm 23.2. Kabla hujakata, kaa kwenye kiti chako na mtu apime kutoka ubao hadi tundu la sikio. Ikiwa si 40, ongeza au punguza kwenye bomba tu, vingine vibaki.

Mguu mwambie fundi autengeneze kama herufi C inayokumbatia ukingo wa meza. Bamba la juu mm 60 kwa 80, bamba la ubavu, bamba la chini lenye nati ya M8 (ya bolti yenye kipenyo cha mm 8) iliyochomelewa, na bolti ya M8 ya mm 50 inayopanda kutoka chini. Uwazi wa ndani uwe mm 45. Kati ya ncha ya bolti na meza weka kipande cha plaiwudi ya mm 12, ukubwa uleule wa 60 kwa 80. Kipande hicho usikiruke. Chipubodi ikikutana na ncha ya bolti peke yake inakubali mwanzoni, kisha inabonyea taratibu, bolti inalegea, nguzo inaanza kucheza, na ukiikaza tena unazidi kuichimba.

Kisahani cha plaiwudi kikate sm 13 kwa 17, kidogo kuliko kitako cha spika, ili usikione ukiwa umekaa na kisikukwaruze mkono. Kinafungwa kwenye bamba la kichwa (mm 80 kwa 80) kwa skrubu nne za mbao zenye urefu wa mm 12, kutoka chini. Bamba ni la mm 3, kwa hiyo skrubu zinaingia mm 9 ndani ya plaiwudi ya 12. Za mm 16 zitatokeza juu ya plaiwudi.

Nguzo isikae katikati ya kisahani kwa kukisia. Laza penseli ya mviringo mezani, weka spika juu yake, isogeze mbele na nyuma hadi ipate mizani, tia alama. Sumaku ya woofa (kispika kikubwa cha besi) inavuta uzito mbele, amplifaya inauvuta nyuma, kwa hiyo alama za spika zako mbili hazitakuwa mahali pamoja. Nguzo iwe chini ya alama.

Mpira wa juu ni tyubu ya bodaboda, unakatwa kwa mkasi. Tyubu hiyohiyo inakupa ukanda wa kufungia: upana sm 2.5, uzungushe kasha na kisahani kama mwendesha boda anavyofunga mzigo, usiukaze kupita kiasi. Mpira mweusi huacha doa kwenye mbao iliyopakwa rangi nyepesi, basi tanguliza kitambaa chembamba. Na ukanda usipite juu ya bati la nyuma la spika ya amplifaya, pale ndipo joto linapotokea.

Kutoboa kasha la spika, hapana. Kuta zake ni nyembamba, skrubu ndefu kidogo inafika ndani kwenye waya, na tundu likibaki wazi hewa inapiga mluzi kila besi ikishuka.

VESA_Mbarara

Kaka ChumaKatwe amesema vizuri, ila njia ya pili ya mwuliza swali nisingeitupa bila kuieleza. Wengi wanaifanya, na inapoharibika huwa ni kwa sababu zilezile.

Tuanze na uzito. Monita 3.4, spika 2.1 na 1.7, chuma na visahani tuseme 1.2. Jumla kilo 8.4. Mkono umeandikwa 9, kwa hiyo kwa karatasi unafaa. Lakini namba ile inahesabu kioo chembamba ambacho uzito wake umekaribia bamba la VESA, na kilichosawazika kushoto na kulia. Wewe una tofauti ya gramu 400 kati ya spika, nayo iko sm 37 kutoka katikati. Kiungo kile kinachoruhusu monita kusimama wima kama karatasi kitaanza kuzunguka chenyewe, polepole, na asubuhi utakuta kioo kimeinama kulia kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja. Dawa ni kukaza skrubu ya kiungo, au kuongeza gramu 400 za chuma kushoto, na ukiongeza umefika kilo 8.8. Hapo springi iko mwisho wa uwezo wake, na kila ukichapa herufi spika zinatikisika.

Kwa mkono wa springi ya gesi, basi, nakubaliana naye: usitundike. Kwa mkono wa nguzo ngumu, ule unaopandishwa kwa kulegeza kola na kukazwa, kazi inawezekana na inapendeza. Anayetaka kufanya hivyo afuate haya.

Usitegemee skrubu nne za monita zibebe kila kitu. Mabamba mengi ya mikono yana matundu ya 75 na ya 100 kwa pamoja. Tumia hilo. Chukua bamba la chuma la mm 120 kwa 120, unene 3, utoboe matundu ya 75 na ya 100. Bamba hili lifunge kwenye bamba la mkono kwa bolti nne za M4 zenye kichwa kinachozama, kwenye matundu ya 75, vichwa vikiangalia monita na nati zikiwa upande wa mkono. Sasa uzito wa spika unabebwa na mkono moja kwa moja. Ndipo skrubu za monita zipite kwenye matundu ya 100, zikibeba monita peke yake.

Skrubu za monita ni M4 na kosa kubwa liko kwenye urefu. Ingiza kijiti cha meno kwenye tundu la monita, tia alama, pima. Tuseme ni mm 9. Ondoa 1 ya usalama, baki 8. Ongeza bamba lako 3 na bamba la mkono, mara nyingi kama 2.5. Ni 13.5, basi nunua za mm 12: zinaingia 6.5 ndani ya monita, inatosha. Za mm 16 zitagota mwisho kabla hazijabana. Ukizilazimisha, unasukuma kitu ndani ya monita na hutajua ni nini hadi kioo kitakapotoa doa.

Chuma cha kulala kisichomelewe katikati ya bamba. Kichomelee chini, usawa wa safu ya chini ya matundu. Sababu ni kimo: katikati ya VESA ya monita yako itakuwa kama sm 26 juu ya meza, na kitako cha spika kinatakiwa sm 23. Chuma kikipita katikati kitagonga kasha. Kikishuka hadi safu ya chini kinapita chini ya spika na kisahani kinakaa juu yake.

Muzigo_Kireka

Asanteni sana. Nimepima: sikio liko sm 41, nimefurahi kwamba kadirio lilikuwa karibu. VESA_Mbarara, nina chuma bapa, hii flatiba ya mm 40 kwa 3, mita nzima. Nikinunua mkono wa nguzo ngumu baadaye, itafaa badala ya bomba?

VESA_Mbarara

Inategemea umeisimamisha vipi. Kutoka ukingo wa bamba hadi katikati ya spika ni kama sm 32, na mwishoni una kilo 2. Ikiwa ile mm 40 imesimama wima, ncha inashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, huwezi kuona. Ukiilaza, mm 40 zikiwa bapa kama rafu, ncha inashuka mm 12 na itacheza kama ubao wa kurukia majini. Chuma ni kilekile, uzito uleule.

Hata ikisimama wima, flatiba ina udhaifu mmoja: haipingi kusokotwa. Spika ikiwa na uzito sm 8 mbele au nyuma ya chuma, flatiba ya mm 3 inajisokota kama uzi mmoja wa pembe. Unaweza kuvumilia. Bomba la mraba la 20 kwa 20 kwa 1.5 halisokotiki kwa kiasi cha kuonekana, na ni jepesi kidogo kuliko flatiba yako, kama gramu 870 kwa mita dhidi ya 940. Ningenunua bomba. Flatiba ifanyie miguu ya C.

ChumaKatwe

Usiifanyie miguu. Mm 3 kwenye C itafunguka mdomo ukikaza bolti ya M8. Nilisema mm 4 kwa sababu hiyo, na ukipata 5 ni afadhali.

VESA_Mbarara

Kweli, narekebisha. Flatiba ibaki kwa mabamba ya kichwa: vipande viwili vya sm 8 vikichomelewa ubavu kwa ubavu vinatoa 80 kwa 80.

SikioLaJinja

Naongezea upande wa sauti, kwa sababu nguzo hizi zitakupa zaidi ya nafasi na ni vizuri ujue kwa nini, usije ukazifupisha kwa ajili ya urembo.

Spika ikikaa juu ya meza, katikati ya woofa iko kama sm 8 juu ya ubao. Sauti inafika sikioni kwa njia mbili: moja kwa moja, na nyingine ikidunda kwenye ubao. Kwa vipimo vyako njia ya kudunda ni ndefu kwa sm 7.6 tu. Mawimbi ambayo nusu yake ni urefu huo yanafika yakipingana, na hayo ni ya karibu hertz 2,300, palepale zinapokaa konsonanti za maneno. Ndiyo maana mtangazaji anasikika kama anaongea ndani ya ndoo hata spika zikiwa nzuri. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu mdundo nao unaongezeka.

Kwenye nguzo woofa inapanda hadi sm 31. Tofauti ya njia inakuwa sm 28, shimo hilo la sauti, pale mawimbi yanapopingana, linashuka hadi kama hertz 610. Na kuna jambo jingine linalotokana na meza yako kuwa na kina kifupi: pointi ya kudundia sasa inaangukia kama sm 28 mbele ya spika, na ubao unaishia sm 25 mbele yake, ikiwa uso wa spika uko sm 25 kutoka ukutani. Sehemu kubwa ya mdundo ule inakosa meza. Mwenye meza ya kina cha sm 70 hapati bahati hiyo.

Uso wa spika uwe sawa na uso wa kioo au mbele yake kwa sm 1 hadi 2. Usiuache nyuma. Ukiwa nyuma, ukingo wa monita unakuwa ukuta mdogo kando ya twita na sauti za juu zinaparaganyika.

Kutoka spika hadi spika, katikati kwa katikati, una sm 74. Ukikaa sikio likiwa sm 64 mbele ya mstari wao, unapata pembetatu yenye pande sawa na kila spika igeuzwe ndani nyuzi 30. Kwa meza ya sm 50 pengine utakaa karibu zaidi, sm 55. Hapo geuza hadi nyuzi 34. Huhitaji kipimio: kaa, funga jicho moja, geuza spika mpaka usione ubavu wake wa ndani wala wa nje.

Tundu la besi nyuma: kasha lina sm 20, uso uko sm 25 kutoka ukutani, kwa hiyo kuna sm 5 za hewa. Inatosha kupumua ikiwa kipenyo cha tundu si zaidi ya sm 4, lakini ukuta utaongeza besi nzito. Punguza kitufe cha besi kwanza. Ikiwa bado inavuma kwenye noti moja, chomeka sponji ya kuoshea vyombo kwenye tundu, isikazwe sana. Spika ya amplifaya iwe na hewa nyuma. Sponji haigusi bati la joto.

MbaoNdeeba

Kwa asiye na mchomeleaji karibu: ubao wa plaiwudi wa mm 18, sm 80 kwa 22, miguu ya sm 10 mwishoni na mmoja katikati ili usipinde. Monita katikati, spika nchani, kibodi inaingia chini. Tatizo ni kimo. Twita itafika sm 29 tu wakati sikio liko 41, hivyo inua mbele ya kila spika kwa kabari ya sm 4 iangalie juu. Na kwa monita hii ya 54, ubao wa 80 bado unaleta shida ileile ya sm 13 kwa 14, itabidi uwe wa 88 na utokeze nje ya meza sm 4 kila upande. Nguzo ni bora. Hii ni ya wenye monita ya inchi 22 kushuka.

WayaMbale

Dada yenu wa umeme hapa. Msimalize kazi ya chuma mkasahau nyaya, maana spika ikishapanda nguzo nyaya zinabadilika urefu.

Waya wa spika hadi spika: unashuka 23, unavuka 74, unapanda 23. Ni sm 120, ongeza 30 za kulegea. Mita 1.5. Ikiwa wa asili ni mfupi usiuunge kwa kusokota na utepe mweusi, nunua waya wa shaba wa nyuzi mbili, mm za mraba 0.75, uondoe wa zamani. Ufunge kwenye nguzo kwa vibanio vya plastiki sehemu mbili, chini ya kisahani na karibu na mguu, ili mtu akiuvuta kwa goti avute nguzo na si spika.

Ukibadilisha waya angalia nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, woofa moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea. Jaribio: cheza sauti ya mtu mmoja anayesoma habari. Itokee katikati ya kioo. Ikiwa inaelea pande zote kichwani bila mahali pake, rudi ukabadilishe upande mmoja.

Waya wa sauti wenye plagi ya mm 3.5 usiuteremshe bega kwa bega na waya wa umeme. Waache sm 10, na wakilazimika kukutana wavukane kama msalaba. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya laptopu kwa dakika moja. Mvumo ukiisha, ni mzunguko wa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kati ya kompyuta na spika: chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na usipoisha weka kitenganishi cha sauti, kile kidogo chenye transfoma ndani, katikati ya waya wa 3.5. Kukata pini ya ethi kwenye plagi kunanyamazisha mvumo pia, na ndiko kunakofanywa mara nyingi. Umeme wetu ni volti 240. Sasa unakwenda kusimamisha spika ya umeme juu ya nguzo ya chuma ambayo mkono wako utaigusa kila siku. Ethi ibaki mahali pake.

Mvua ya radi ikianza, chomoa ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Muzigo_Kireka

Nimeamua nguzo mbili, na mkono wa gesi ubebe monita peke yake. Orodha yangu kwa fundi kesho: bomba 25×25×1.5 vipande viwili vya sm 22 (sikio langu ni 41, nimeongeza sm 1), miguu miwili ya C ya mm 5 yenye uwazi wa mm 45, mabamba mawili ya kichwa 80×80×3 yenye matundu manne kila moja, bolti mbili za M8×50. Plaiwudi na tyubu natafuta mwenyewe. Kuna kitu nimesahau?

Na swali la mwisho: mkono wa monita nao unabana meza, ila nyuma. Chipubodi itavumilia vibanio vitatu?

VESA_Mbarara

Itavumilia, viko mbalimbali. Mkono uwekee plaiwudi chini na juu pia, sm 15 kwa 10, maana ule unavuta ubao kwa mkunjo kila ukiuelekeza mbele. Na springi ya gesi irekebishe baada ya monita kufungwa. Kwa kilo 3.4 itabidi uilegeze. Ukiiacha ilivyotoka dukani, monita itapanda juu yenyewe.

Kabla ya kukaza chochote, telezesha meza sm 4 kutoka ukutani. Kibanio cha nyuma cha mkono hakina huruma kama cha ubavuni. SikioLaJinja atafurahi, besi itapata hewa zaidi.

ChumaKatwe

Umesahau matundu ya bamba la kichwa yawe ya mm 4.5, ili skrubu za mbao zipite bila kukwaruza nyuzi zake.

Jambo la kumwambia fundi kwa mdomo: achomelee pointi nne kwanza kila kiungo, apime kwa kona kama nguzo imesimama, ndipo afunge mshono. Akianza na mshono mrefu upande mmoja, chuma kikipoa kinavuta nguzo upande huo, na kwa kimo cha sm 22 kuinama uzi mmoja ni karibu mm 4 juu. Spika moja itaangalia dari. Pima wewe mwenyewe kabla hajapaka rangi, kwa sababu akishapaka hatakubali kuigonga nyundo. Na ncha ya juu ya bolti ya M8 aisage iwe bapa, ikandamize kile kibao cha plaiwudi badala ya kukitoboa.